Kikapu cha Pamba Si Pambo

Kuna maneno yamezoeleka kila vinapotajwa vikapu vya pamba vya Kusini mwa Marekani, vile vilivyosukwa na watumwa na kubebwa na watumwa. Utayakuta kwenye vibao vya makumbusho, kwenye majarida ya upambaji wa nyumba, kwenye matangazo ya minada, na siku hizi hata kwa ndugu zetu wa huku wanaopenda kuzungumzia urithi wa mtu mweusi ng'ambo. Ni maneno matamu, na utamu wake ndio ulionichokoza.

Niyaeleze kama wenyewe wanavyoyaeleza. Wanasema kikapu kile ni kazi ya sanaa, ushahidi kwamba mtu aliyenyimwa kila kitu hakunyimwa ubunifu. Wanasema ndani ya ususi wake imo Afrika iliyovuka bahari. Wanasema msusi, angalau pale alipokaa na chane zake, alikuwa mtu wa nafsi yake. Wanasema kikapu ni chombo tu, hakina kosa. Mwenye kosa ni mjeledi. Wanasema anayekinunua na kukiweka sebuleni anamuenzi aliyekisuka. Na sisi wa Afrika Mashariki tunaongeza la kwetu: hayo ni mambo ya Wamarekani, tuwaachie wenyewe.

Wanaosema haya si watu wabaya. Wengi wamechoka kusimuliwa habari za watumwa kana kwamba lilikuwa kundi la watu waliochapwa, wakalia, wakafa, basi. Wanataka kumwona mtu mwenye akili na mikono. Nia yao naielewa. Lakini ninachokiona mimi hapa ni kilemba cha ukoka: anayevikwa hayupo tena kukikataa, na sifa zenyewe zinamfaa mwenye shamba kuliko mwenye kikapu. Nitazishika hoja hizo moja moja.

1. Eti ni kazi ya sanaa

Ufundi ulikuwepo, hilo sibishi. Vikapu vingi vya shambani vilisukwa kwa mwaloni mweupe. Fundi alitafuta mti mchanga ulionyooka, usio na vifundo, akaukata, akapasua gogo nusu, kisha robo, kisha akaendelea kulichana kwa kufuata miviringo ya umri wa mti mpaka akapata chane ndefu zinazopindika. Chane zilikwanguliwa kwa kisu cha mishikio miwili, zikalowekwa majini zilainike, zikalazwa kwa kupishana hadi kitako kikatoka cha pembe nne, halafu zikakunjwa kwenda juu na mdomo ukaishia kuwa duara. Ukingoni fundi alifunga mapete mawili ya mti, moja ndani na moja nje, akayabana kwa uchane mwembamba wa kuzungushia. Kikapu cha namna hiyo kilistahimili misimu mingi ya kubebwa, kuburutwa na kutupwa garini.

Wapenzi wa sanaa huishia hapo, kwenye mdomo wa duara. Hawaulizi kikapu kilikuwa kikipelekwa wapi.

Mmoja wa waliokibeba ametuachia maelezo. Solomon Northup alikuwa mtu huru wa jimbo la New York. Mwaka 1841 alitekwa mjini Washington, akauzwa Louisiana, na alikaa utumwani miaka 12 hadi alipokombolewa mwaka 1853. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha masaibu yake, *Twelve Years a Slave*. Anaeleza kwamba kila mchumaji alipewa mfuko wenye mkanda wa kupitisha shingoni, mdomo wa mfuko ukiwa kifuani na kitako chake kikikaribia ardhi. Pamoja na mfuko alipewa kikapu kikubwa cha kuchukua kama mapipa mawili, kikawekwa mwanzo wa mstari. Mfuko ukijaa unamwagwa kikapuni, mtu anarudi mstarini.

Mchumaji mgeni siku ya kwanza alihimizwa kwa mjeledi achume kwa kasi yote aliyonayo. Usiku pamba yake ikapimwa, na uzito uliopatikana ukawa deni lake la kila siku. Kiwango cha kawaida kilikuwa ratili 200, karibu kilo 90. Giza likishaingia, vikapu vilibebwa kwenda banda la kuchambulia pamba, na huko ilikuwepo mizani. Northup anasema hakuna mtumwa aliyelikaribia banda lile na kikapu chake bila hofu, hata awe amechoka vipi na ana usingizi kiasi gani. Pamba ikipungua, anachapwa. Ikizidi kwa ratili 10 au 20, huenda kesho akapangiwa kazi kwa kipimo hicho kipya. Baada ya mizani vilifuata viboko, na baada ya viboko vikapu vilibebwa hadi ghalani, pamba ikamwagwa, watu wakaingia kuikanyaga ili ishindiliwe. Hapo siku bado haijaisha: wapo nyumbu wa kulishwa, wapo nguruwe, zipo kuni za kukatwa, na mahindi ya kusaga kwa mlo wa usiku na wa kesho.

Chombo ambacho kujaa kwake ni hatari na kupungua kwake ni hatari, wenzangu mnakiitaje sanaa? Kilikuwa nusu ya mizani. Mizani ilikaa bandani ikingoja. Nusu yake ya pili ilishinda shambani kutwa nzima, karibu na mtu, ikimkumbusha. Tena pamba ile ilipimwa ikiwa bado na mbegu zake, na mbegu huchukua takriban theluthi mbili ya uzito wote. Sehemu kubwa ya ratili ambazo watu walichapwa kwa kuzipungukiwa haikuwa hata nyuzi.

Atatokea wa kusema kwamba hata ndani ya mfumo ule ufundi ulimpa mtu heshima. Northup mwenyewe hakuujua uchumaji. Siku yake ya kwanza kikapu chake kilipimwa ratili 95, chini ya nusu ya zile za mchumaji dhaifu kuliko wote, na bwana wake, Edwin Epps, alimwachia kiboko siku hiyo kwa kuwa ni mgeni wa kazi. Shamba hilohilo alikuwemo Patsey, msichana ambaye vidole vyake vilikwenda kwa wepesi ambao hakuna aliyeufikia. Ratili 500 kwa siku, zaidi ya kilo 220, zilikuwa jambo la kawaida kwake. Kama ustadi ulikuwa na heshima, basi ingemfikia yeye kwanza. Bibi wa nyumba ile alimchukia kwa sababu ya yale ambayo Epps alikuwa akimfanyia, akamnyima hata sabuni. Jumapili moja Patsey alikwenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni. Aliporudi alivuliwa nguo, akafungwa kwenye vigingi vinne, na Northup akalazimishwa kumchapa. Alipogoma kuendelea, Epps akaushika mjeledi mwenyewe. Huyo ndiye aliyejaza kikapu kuliko wote.

2. Eti Afrika imo ndani yake

Hapa mambo yamechanganywa. Kipo kweli chombo cha watumwa wa Marekani ambacho asili yake ya Kiafrika haina ubishi mkubwa: ungo wa kupepetea mpunga wa pwani ya South Carolina na Georgia, nchi ya watu wa jamii ya Gullah. Ungo ule haukusukwa kwa kupishanisha chane. Ulishonwa, fungu la nyasi likizungushwa duara juu ya duara, kama wafanyavyo Senegal na Angola. Jadi hiyo iko hai hadi leo Mount Pleasant, South Carolina, ambako kina mama huuza vikapu vya nyasi kandokando ya barabara kuu namba 17. Mmoja wao, Mary Jackson, alitunukiwa na wakfu wa MacArthur mwaka 2008. Mwenye kutaka kuiona Afrika aende huko, ataiona.

Kikapu cha pamba cha mwaloni ni ukoo mwingine. Walowezi kutoka Ujerumani na Uingereza walisuka hivyo. Wacherokee, wenyeji wa asili wa Kusini na mabingwa wa vikapu vya matete tangu zamani, walisuka hivyo pia. Mtumwa aliuchukua ufundi huo hapohapo alipo, akauweza, na mara nyingi akawapita waliomtangulia. Sasa anakuja mtu wa leo, kwa mapenzi yake yote, anambandika msusi huyo Afrika kwenye kila alichokigusa, kana kwamba Mwafrika anaweza kurithi tu, hawezi kujifunza.

Msusi mwenyewe wa Mississippi au Alabama mwaka 1850 hakuwa ametoka juzi kwenye jahazi la kuvuka Atlantiki. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 1 waliuzwa au kuhamishwa kutoka majimbo ya kaskazini ya utumwa, kama Virginia na Maryland, kupelekwa kwenye mashamba mapya ya pamba kati ya miaka ya 1790 na 1860. Wengi walikwenda kwa miguu, wamefungwa minyororo wawili wawili. Mama aliyeachwa alikuwa Virginia. Simulizi ya bahari ni nzuri kwa kibao cha makumbusho kwa sababu inaisukuma dhambi majini, mbali, zamani. Simulizi ya barabara inataja miji ambayo ipo hadi leo na benki zilizokopesha fedha za ununuzi.

Wacherokee nao? Sheria ya kuwaondoa wenyeji ilipitishwa mwaka 1830, na mwaka 1838 na 1839 Wacherokee waliswagwa na jeshi kutoka Georgia na majimbo ya jirani kwenda ng'ambo ya mto Mississippi. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kama watu 4,000 walikufa. Ardhi yao ikafunguliwa kwa walimaji, na katika sehemu kubwa ya Kusini zao lililokuwa likiingoja ardhi hiyo lilikuwa pamba. Kwa hiyo wasusi wa mwaloni walifukuzwa ili ipandwe pamba ambayo ingechumwa na kujazwa kwenye vikapu vya mwaloni. Kibao kinachosema "ususi wa Kiafrika" kinawafukuza mara ya pili.

3. Eti msusi alikuwa mtu wa nafsi yake

Hili sitakaa nalo sana. Kazi ya kusuka mara nyingi ilipewa wazee na watu waliochakazwa na shamba, waliokuwa hawawezi tena kuinama mstarini kutwa, au iliachiwa siku za mvua na usiku wa baridi. Mwenye shamba hakununua kikapu. Alimiliki mti, alimmiliki msusi, alimiliki na usiku ambao kikapu kilisukwa. Mzee aliyekwisha kutumika mpaka mgongo ukapinda aligeuzwa karakana, na gharama yake ikawa unga.

Charles Ball, aliyeuzwa kutoka Maryland akapelekwa South Carolina na Georgia kwa minyororo, aliandika katika kitabu chake cha miaka ya 1830 juu ya watumwa waliotengeneza mikeka, vikapu na vitu vingine usiku na Jumapili ili wauze. Yeye mwenyewe alichonga mabakuli ya mti. Wenzangu huishika habari hii kwa furaha: mnaona, walikuwa na biashara ndogo, walikuwa na nafasi ya kupumua! Fedha zile zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye nguo, chumvi, sukari, vitu ambavyo bwana alivitoa kwa kubana au hakuvitoa kabisa. Mtu amefanya kazi tangu kabla ya alfajiri bila ujira, kisha anakesha asuke kikapu ili ajinunulie shati la kwenda nalo kwenye kazi hiyohiyo isiyo na ujira. Hiyo ni hesabu ya matumizi ya shamba iliyohamishiwa kwenye usingizi wa mtumwa.

4. Eti chombo hakina kosa

Hoja hii ndiyo yenye akili zaidi, na ndiyo inayonikera zaidi. Inasema: msilaumu kikapu, mlaumuni mwenye mjeledi. Hata pakacha la machungwa linaweza kutumiwa vibaya.

Tatizo ni kwamba mjeledi peke yake ni mjinga. Haujui amchape nani, lini, mara ngapi. Lazima uambiwe. Aliyeuambia ni namba, na namba ilitoka kikapuni. Kuanzia miaka ya 1840 Thomas Affleck, mkazi wa Mississippi, aliuza vitabu vya kumbukumbu vilivyochapwa tayari kwa ajili ya wenye mashamba ya pamba, kwa ukubwa mbalimbali kulingana na idadi ya watumwa. Ndani kulikuwa na kurasa za kujaza jina la kila mchumaji na ratili zake, Jumatatu hadi Jumamosi, na jumla ya wiki. Kurasa nyingine zilikuwa za thamani ya kila mtumwa mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, amepanda bei au ameshuka. Mwanahistoria Caitlin Rosenthal, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya uhasibu wa utumwa, amezichambua hesabu hizo, na zinatosha kumwaibisha yeyote anayedhani mashamba yale yaliendeshwa kishenzi na kikale. Yaliendeshwa na watu waliojua kujumlisha. Nyapara alisoma kitabu kabla ya kushika mjeledi.

Na usisahau msusi alihitajika ili hesabu hiyo isimame. Pamba iliyotapanyika shambani haina jina la mtu. Ikiingia kwenye kikapu cha fulani inakuwa ya fulani, na upungufu unakuwa wa fulani. Wachumaji walilielewa hilo kuliko wachumi. Ndiyo maana simulizi za waliokuwa watumwa zimejaa habari za mawe yaliyofichwa chini ya pamba na pamba iliyochumwa na umande ili iwe nzito. Mtu hakidanganyi chombo kisicho na kosa.

Yapo mabishano makali kati ya wasomi kuhusu namba hizi. Uzito wa pamba aliyochuma mtu mmoja kwa siku uliongezeka karibu mara nne kati ya mwanzo wa karne ya 19 na mwaka 1862. Alan Olmstead na Paul Rhode, wachumi waliokusanya daftari za mashamba zaidi ya 100, wanasema sababu kubwa ni aina mpya za mbegu zenye asili ya Meksiko, ambazo vitumba vyake vilikuwa vikubwa na vyepesi kuchuma. Mwanahistoria Edward Baptist, katika kitabu chake cha mwaka 2014, anasema sababu ni mateso yaliyopangwa kihesabu. Wachumi wanamshambulia kwamba namba hazimuungi mkono. Yeye anasema wachumi wameisahau ngozi ya mgongo. Naona hoja ya mbegu ina nguvu kuliko wanaharakati wanavyokubali, ila mbegu nzuri haimlazimishi mtu kuchuma mpaka giza. Ilimpa bwana nafasi ya kudai zaidi, naye akadai. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba pande zote mbili zinagombana kwa kutumia ratili zilizoandikwa usiku, bandani, mbele ya mizani. Kila namba kwenye majedwali yao ilikuwa kwanza ni kikapu na mtu aliyesimama kando yake akisubiri kuambiwa.

5. Eti kukinunua ni kumuenzi msusi

Basi twende sebuleni. Vikapu vya pamba vinauzwa kwenye maduka ya vitu vya kale Marekani, vinawekwa kando ya meko, vinajazwa kuni, blanketi, magazeti, maua makavu. Matangazo yake yana lugha yake: "cha asili", "cha shamba", "kimezeeka vizuri". Uchakavu na jasho vimekuwa sehemu ya bei. Na si kikapu tu. Mwaka 2017 mkuu wa chuo kimoja cha Nashville aliwaalika nyumbani kwake wanafunzi weusi kwa chakula, na katikati ya meza kulikuwa na mapambo ya matawi ya pamba. Wanafunzi walipouliza, mambo yakawa makubwa, mkuu akaomba radhi. Ninamuamini kwamba hakukusudia. Ndiyo hoja yangu: miaka mingi ya kuisifu pamba na vikapu vyake kama uzuri wa shamba imemfikisha mtu msomi mahali ambapo hakukusudia.

Biashara hii inategemea mtu asiye na jina. Linganisha na David Drake, mfinyanzi mtumwa wa Edgefield, South Carolina, aliyeandika jina lake na tarehe kwenye mitungi yake wakati ambapo sheria ya jimbo ya mwaka 1834 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Mtungi wake mmoja uliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 1.5, na jina lake ndilo lililobeba bei. Kikapu hakina saini. Bei yake inabebwa na fumbo, na fumbo lina faida nyingine kwa muuzaji: kitu kisicho na fundi hakina mrithi wa kuja kudai. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watanijibu kwa mfuko wa Ashley, na wana haki ya kujaribu. Ni mfuko wa nguo ya pamba ambao mama mtumwa, Rose, alimpa bintiye Ashley wa miaka tisa alipouzwa South Carolina; ndani alimwekea gauni kuukuu, njugu za pekani na msuko wa nywele zake. Mjukuu wa Ashley, Ruth Middleton, aliidarizi habari hiyo kwenye mfuko wenyewe mwaka 1921. Ulipatikana mwaka 2007 kwenye gulio la vitu chakavu Tennessee, na mwanahistoria Tiya Miles ameuandikia kitabu kizima. Mfuko huo unaheshimiwa kwa sababu una majina na una tendo: umeandikwa nani aliuzwa, nani alimpa nani nini. Muuza kikapu cha mwaloni anauza kinyume chake. Ukimpa majina, mnunuzi atakosa hamu ya kuweka kuni ndani.

Tena vingi kati ya vikapu hivyo vinavyouzwa kwa jina la watumwa huenda si vya kabla ya 1865. Utumwa ulikwisha kisheria, uchumaji wa mkono haukwisha. Wajukuu wa watumwa walilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, wakadaiwa dukani kwake mbegu, unga na nyumbu, na pamba yao ikapimwa na mizani yake na kuandikwa na kalamu yake. Ni mwaka 1944 tu, kwenye shamba la Hopson karibu na Clarksdale, Mississippi, ndipo mavuno ya pamba yalipotolewa kwa mashine mwanzo hadi mwisho. Kuziita bidhaa za karne nzima "za enzi ya utumwa" kunawasaidia wanaotaka kuamini kwamba mambo yalikwisha mwaka 1865.

6. Eti hayatuhusu

Yanatuhusu, na si kwa udugu wa ngozi. Yanatuhusu kwa biashara.

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alishuka Unguja kutoka Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta merikani, shuka ngumu isiyopaushwa iliyofumwa kwenye viwanda vya New England, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Viwanda hivyo vilifuma pamba ya Kusini, ile iliyotoka kikapuni. Waters alikuwa mtu aliyeuchukia utumwa. Akakaa katika mji wa watumwa, akiuza kitambaa cha pamba ya watumwa, na biashara ikamwendea vizuri.

Merikani haikuishia Unguja. Ilipanda bara ikiwa fedha. Msafiri Stanley alipofunga safari yake ya mwaka 1871 alibeba marobota ya merikani kwa doti na doti, akalipia vyakula vya msafara na hongo ya Wagogo. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifanya vivyo hivyo, na miongoni mwa vilivyonunuliwa kwa doti za merikani walikuwemo watu, walioteremshwa pwani kuchuma karafuu Unguja na Pemba. Kitambaa cha pamba iliyochumwa na mtumwa wa Louisiana kilimnunua mtumwa wa Manyema. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipofunga bandari za Kusini mwaka 1861, merikani iliadimika sokoni Unguja, na vitambaa vya Bombay na Uingereza vikajaza pengo.

Haikuishia hapo pia. Mwaka 1901 Wajerumani walileta Togo wataalamu weusi kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, wafundishe kilimo cha pamba. Huku kwetu gavana wao Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya lazima mwaka 1902, chini ya maakida na majumbe, kwa ujira wa kudhihaki. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wao hawakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba zao hilo halikuja kuonyesha ubunifu wao.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wenye makumbusho, huko na huku. Kikapu cha pamba kikiwekwa kabatini, kiwekwe na mizani yake, na ukurasa mmoja wa daftari la shamba, wenye majina na ratili za wiki. Kama kibao ni kidogo na maneno hayatoshi, futeni "ubunifu", andikeni "ratili 200, kila siku, bila ujira".